Wateja Wanaojua Kungoja

Côte-Nord, Québec
4 Machi 2012

Mdogo wangu Kadiri,

Assalaam alaykum. Theluji imefika dirishani, na Sylvestre ametuchimbia njia ya kutokea mlangoni kama panya. Mimi ni mzima. Kazi ya zahanati ni ileile: nawaosha wazee, nawageuza kitandani, wananisimulia habari zao kwa Kiinnu, lugha yao ya jadi, na sasa naelewa nusu. Wanasema mimi ni mweusi wa kwanza kuwakatalia sukari.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu intaneti ya hapa hukatika upepo ukivuma, na wewe ulinionya kwamba barua pepe zako za kazini zinasomwa. Pia napenda kuuona mwandiko wako. Unazidi kufanana na wa baba.

Ni habari ya ile bunduki uliyotutafutia mwaka jana. Nakushukuru tena. Sylvestre alikuwa ameisubiri miaka miwili, kila duka likimwambia haipo, haipo. Bunduki ya Tessereau inatengenezwa mwendo wa siku moja kwa gari kutoka kwetu, na ilibidi ndugu wa mkewe aliye Brussels aongee na kiwanda ili watoe moja katika shehena ya kwenda Ulaya. Wanaume wa hapa walicheka mpaka machozi. Kisha walinyamaza, maana hawakufurahi.

Sasa kuna tatizo. Mwezi uliopita, baridi ikiwa kali kabisa, bunduki ilitoa risasi yenyewe. Ilikuwa ndiyo kwanza inapakiwa, komeo linasukumwa lifunge, hakuna aliyegusa kifyatulio. Risasi iliingia kwenye theluji, hakuna aliyeumia. Sylvestre amewaandikia kampuni mara tatu. Jibu lilikuwa moja tu: asubiri. Nikatazama bahasha, nikaona stempu ya Ubelgiji. Kadiri, ni wewe unayewajibu?

Mpe mkeo Tasnim salamu. Mbona hazungumzi nami kwenye simu siku hizi?

Dada yako,
Zaituni

*

Anderlecht, Brussels
2 Aprili 2012

Dada Zaituni,

Waalaykum salaam. Ndiyo, ni mimi. Tangu walipofunga dawati la wateja kule Kanada ili kupunguza gharama, barua zote za Kifaransa zinaletwa hapa. Mwindaji wa Abitibi anaandika kulalamika kuhusu bunduki iliyotengenezwa mkoani kwake, na anayemjibu ni mtoto wa Buyenzi ya Bujumbura aliyekaa juu ya ghala la Anderlecht. Barua ya shemeji ilipita kwa mwenzangu, sikuiona. Naomba radhi kwa niaba ya meza yetu.

Uliwahi kuniuliza kama ni kweli wanawapuuza. Bon, nitakujibu kama ninavyoyaona. Katika bunduki kumi zinazotoka kiwandani, tisa huvuka mpaka. Duka moja la Texas huagiza mia mbili kwa simu moja. Duka la kwenu huagiza tatu na kuuliza maswali kumi. Sheria za kwenu zinabadilika kila serikali inapobadilika, basi kiwanda hakitaki kuweka mali yake huko. Hapa Ulaya mwindaji Mjerumani analipa mara mbili kwa bunduki ileile kwa sababu imechongwa jani la mwaloni ubavuni. Mkurugenzi wetu, Monsieur Constant, si mtu mbaya. Anasema wateja wa Kanada ni watu wa nyumbani, wanajua kungoja. Kwa maneno yetu ningesema: mgeni anawekewa nyama, wa nyumbani anaachiwa mchuzi.

Kuhusu risasi iliyotoka yenyewe. Dada, mwambie shemeji aitundike hiyo bunduki. Asiitumie tena. Atafute nyingine, hata ya zamani, hata ya kuazima. Kusema kweli, sipendi hata kuwaza kwamba kuna bunduki nyumbani kwako. Unakumbuka mama alivyotuapisha tusiguse bunduki kamwe, baada ya baba kuuawa. Nilikosea kuwatafutia.

Tasnim hajambo, ana uchovu kidogo tu.

Mdogo wako,
Kadiri

*

Côte-Nord
6 Mei 2012

Kadiri,

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili kwa hasira.

Nani amekuambia unifundishe kuhusu baba? Mimi ndiye niliyefungua mlango asubuhi ile. Wewe ulikuwa umelala chini ya kitanda na mama amekulalia. Sijasahau bunduki ni nini. Lakini hapa hakuna anayemwinda mtu. Nyama ya duka huletwa kwa ndege, imeganda, na bei yake ingekufanya ucheke. Mtu wa hapa akikosa bunduki, anakula makopo mpaka sukari inampofua. Mimi nawahudumia hao. Nawajua majina yao.

Halafu unamwambia Sylvestre aitundike, bila sababu, kama vile unamkataza mtoto kisu. Akaniuliza, «Ndugu yako ananiona mshenzi?» Nikasema hapana. Sikuwa na hakika.

Unaposema wa nyumbani anaachiwa mchuzi, unasema kama unasimulia habari ya hali ya hewa. Jirani yetu mmoja alisema jambo ambalo sijalisahau: «Wanatumia picha ya ziwa letu kwenye matangazo ya kuuzia Wajerumani.» Ni kweli. Nimeiona. Ziwa ni letu, mtumbwi ni wetu, na kipuri hatupati.

Nyingine hatuwezi kununua mwaka huu. Tulishailipia hiyo. Na niambie, Kadiri, kama kuna kipuri cha kuirekebisha, kwa nini usikitie kwenye bahasha ukanitumia?

Zaituni

*

Anderlecht
17 Juni 2012

Dada yangu,

Usinikasirikie. Au nikasirikie, lakini niandikie.

Kipuri siwezi kukutumia. Kila kimoja kina namba na kina mahali pa kwenda. Siwezi kusema zaidi. Juzi nilimuuliza Banza, Mukatanga wa Lubumbashi anayefanya kazi ghalani, kama kuna sanduku lolote lililopangiwa Kanada. Alinitazama kama nimemwomba anikopeshe mke. Akasema, «Kadiri, weye uko na bibi mugonjwa, uko na karatasi ya kukaa yenye inafungwa na hii kazi. Unatafuta nini? Funga kinywa, alors. Bale batu ba Canada banazoea kungoya.»

Sasa umeshasoma alichosema Banza, basi nikwambie lile nililokuficha. Figo za Tasnim zimekufa. Tangu mwaka jana. Mara tatu kwa juma nampeleka hospitali ya Woluwe kusafishwa damu: metro namba tano mpaka katikati ya mji, kisha tunabadilisha, na kurudi anaegemea bega langu kama mtu aliyevuka jangwa. Hakutaka ujue kwa sababu ungemwambia mama. Kibali chetu cha kukaa kinategemea kibali changu cha kazi, na kibali cha kazi kinamtaja mwajiri mmoja tu. Nikitoka kwa huyo mwajiri, tunarudi Bujumbura. Kule mashine ni chache, na ukifika kwenye foleni ukiwa umechelewa, umechelewa kabisa.

Ndiyo maana siku hizi naongea kama mtu mwenye mkono mdomoni. Nakuomba tena, kwa heshima yote kwa shemeji: bunduki aitundike. Usiniulize kwa nini.

Kadiri

*

Côte-Nord
9 Septemba 2012

Mdogo wangu,

Nilikaa na barua yako majira yote ya joto. Kila nikianza kujibu, nalia, naacha. Maskini Tasnim. Mwambie simtangazi kwa mama wala kwa mtu. Mwambie mimi huku nawaona watu wa figo, na wanaoishi muda mrefu ni wale wanaogombana na daktari.

Sasa naelewa uchovu wako. Nimekusamehe ule ukali wa bunduki. Mtu akibanwa na jambo moja, anaona hatari kila mahali.

Umenipa siri yako, nami nakupa yangu. Ishike vizuri, maana mama akiisikia ataanguka. Sylvestre haoni. Si kipofu kabisa, anaona mwanga, anaona mwili wa mtu ukiwa karibu. Ni sukari. Tangu ile bunduki ilipofika hajawahi kuipiga hata mara moja. Anayewinda ni mimi.

Nilisoma kozi, nina leseni, jina langu limeandikwa pale. Yeye ndiye jicho la kichwani: anasikia mnyama, ananiambia upepo unatoka wapi, ananiambia ngoja, ngoja, sasa. Mimi napiga. Orignal wa kwanza nilipomwangusha, yule mnyama mkubwa kuliko ng'ombe wa kwetu Imbo, nilikaa chini nikatapika, kisha tukamchuna mpaka giza. Tuligawia nyumba kumi na mbili. Kwa mara ya kwanza wanawake wa hapa waliniita kwa jina langu badala ya kuniita mke wa Sylvestre.

Kiapo cha mama nimekivunja, najua. Nimemwomba Mungu, na bado namwomba.

Tunaondoka mwisho wa mwezi huu kwenda kambini kwake, mbali kaskazini. Ndege itatushusha ziwani, na itatufuata barafu ikishakuwa nene ya kutosha kuibeba. Katikati hapo hakuna barua. Kuna redio, ikipenda. Usiwe na wasiwasi. Ile bunduki haijafyatuka yenyewe tena tangu baridi ilipoisha.

Dada yako anayekupenda,
Zaituni

*

Anderlecht
1 Oktoba 2012

Dada Zaituni,

Barua yako imefika Ijumaa. Nimepiga simu zahanati. Émérance, mwenzako, ameniambia mmesharuka na ndege siku mbili zilizopita. Nimemwomba awaite kwa redio. Amejaribu nikiwa nasikiliza, nikasikia ule mngurumo tu, kama mtu anayekaanga kitu. Ameahidi kuendelea. Barua hii ataiweka kwa rubani, iwapo yeyote atapita.

Usiipakie hiyo bunduki. Baridi ikianza, usiipakie.

Ndani ya kifyatulio kuna springi ndogo. Baridi ikizidi inakakamaa, na komeo likifungwa, bunduki inaweza kulia bila kuguswa. Kampuni inajua tangu Novemba mwaka jana. Wateja wa Ulaya walibadilishiwa mara moja, kwa sababu hapa sheria inauma. Wamarekani wakafuata, kwa sababu mawakili wao wanauma zaidi. Kanada ikawekwa mwisho, vipuri vikipatikana vya kutosha, na tukaambiwa tusitaje sababu ili wasije wote kwa pamoja. Nilikuwepo kwenye kikao. Mtu mmoja aliuliza, «Lakini si huko ndiko kwenye baridi?» Monsieur Constant akasema, «Huko ndiko kwenye wateja wachache.» Akaangalia saa, tukapita kwenye ajenda nyingine.

Nilitia sahihi kwamba sitasema. Nilifikiri nitakwambia kwa kuzunguka na utaelewa.

Jumamosi nilimsomea Tasnim barua yako, akiwa kwenye kile kiti, mirija mkononi. Nilimweleza na mengine yote, springi, kikao, sahihi. Nikasema, «Nikiandika, watanifukuza. Wewe unajua maana yake.»

Akasema, «Mimi nimeshafungwa kwenye mashine hii. Usinifunge na hili pia.»

«Tasnim, tutarudishwa.»

«Andika, Kadiri. Uandike leo.»

Nimeandika. Siyo kwako tu. Barua za Kanada zilizokuwa zinangoja mezani kwangu nimezijibu zote kwa siku mbili, kwa karatasi ya kampuni, kila mtu kwa jina lake: usiipakie, sababu ni hii, dai kipuri chako. Nimezipeleka posta mwenyewe. Nakuona wewe umesimama kwenye theluji.

Kadiri

*

Kambini, kaskazini
Novemba, nadhani katikati

Kadiri,

Naandika kwa penseli kwa sababu wino umeganda. Sijui barua hii itaondoka lini. Naandika ili nisiongee peke yangu.

Nimempiga Sylvestre risasi.

Ilikuwa asubuhi, ukingo wa ziwa umeanza kushika barafu. Yeye alikuwa ameketi anafumua wavu kwa vidole, kazi anayoifanya bila macho. Akainua mkono: kuna mnyama. Nikasukuma komeo, mdomo wa bunduki ukitazama chini kama alivyonifundisha. Kidole changu kilikuwa nje kabisa, ndani ya glavu nene. Bunduki ikalia. Risasi ikapiga jiwe, ikaruka, ikamwingia mguuni chini ya goti.

Hakupiga kelele. Alisema, «Zaituni, uko mzima?» Yeye ananiuliza mimi.

Nimefunga mguu, nimeusafisha, nimefanya yote ninayojua. Nimeita kwa redio mpaka wakanisikia. Wanajua. Lakini huu ndio wakati mbaya kuliko yote: barafu ni nene mno kwa ndege ya kuelea na nyembamba mno kwa ndege ya kuteleza. Helikopta ilikuja, tukaisikia juu ya mawingu, ikazunguka, ikarudi. Theluji haijakatika tangu siku hiyo. Tumekaa ndani ya hema la turubai na jiko la kuni, yeye anachemka kwa homa, mimi nasikiliza. Mguu umeanza kunuka.

Nyama tuliyotundika nje, mbweha wameila. Unga umekwisha. Jana caribou, paa wakubwa wa huku, walipita ng'ambo ya kijito, kundi zima, polepole, kama ng'ombe wanaorudi zizini. Na kitu pekee nilichonacho ni ile bunduki.

Nilikwenda nayo mbali na hema, nikashuka korongoni ili ukingo wa ardhi uwe kati yangu na yeye. Nikautia mdomo wake kwenye shina la mti lililooza. Nikafumba macho, nikasukuma komeo. Haikulia. Halafu ikabidi niiinue, niiweke shavuni, hiyohiyo, nilenge. Nilipata mmoja. Tumekula. Kesho au keshokutwa nitalazimika kufanya tena, na sitajua mpaka nimeshasukuma.

Sylvestre usiku anaweweseka, ananiomba nisitoke. Nikimwambia tutakufa njaa, anasema basi aende yeye. Haoni, hana mguu, anataka kwenda yeye.

Nimekuwa nikirudia maneno yako kichwani. Aitundike. Usiniulize kwa nini. Kipuri kina mahali pa kwenda. Nilidhani unaogopa bunduki. Sasa nimekaa hapa na muda mwingi, na nadhani ulikuwa unajua.

Kama ulijua, sijui nitakuita nani.

Z.

*

Québec, mjini
20 Desemba 2012

Kadiri,

Tumetoka. Mbingu zilifunguka asubuhi moja na helikopta ikashuka juu ya barafu bila kuzima injini. Hapa hospitalini walimkata mguu siku ileile, chini ya goti. Daktari alisema ningechelewa kidogo ingekuwa nyonga au kaburi. Anaishi. Anakula. Anamtongoza muuguzi kwa sauti yake tu, kwa kuwa hamwoni.

Émérance amenitumia barua yako ya Oktoba pamoja na begi la nguo. Ilikaa wiki zote hizo kwenye kisanduku cha rubani ambaye hakupata njia ya kutua. Nilimsomea Sylvestre neno kwa neno, nikitafsiri. Nilitaka ajue ulivyojaribu. Nilitaka ajue Tasnim alisema nini.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia nirudie pale unaposema umepata barua yangu ya Septemba. Nikarudia. Akauliza:

«Ndugu yako alijua tangu Novemba ya mwaka jana?»

«Ndiyo.»

«Na mwezi wa tatu ulimwandikia kwamba imelia yenyewe.»

«Ndiyo.»

«Wakati huo alidhani anayeishika ni mimi.»

Nikaikunja barua yako, Kadiri.

Akasema, «Muulize. Kama wewe usingemwambia kuwa ni wewe, angeandika?»

Nami nakuuliza. Sikuulizi kwa hasira. Hasira ilibaki kambini, nilikuwa na kazi nyingi mno. Lakini usinijibu mimi. Mjibu yeye.

Zaituni

*

Anderlecht
14 Januari 2013

Shemeji Sylvestre,

Sijawahi kukuandikia. Siku zote nilimwandikia dada nikisema «mwambie shemeji». Naandika kwa Kiswahili, yeye atakutafsiria. Kifaransa changu ni cha ofisini, na nimekitumia kwa uongo mwingi.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa natafuta jibu zuri. Halipo.

Hapana. Nisingeandika.

Nilikuwa nimekupima, wewe na Tasnim. Yeye namsikia akipumua kila usiku. Wewe nilikuona mara moja katika picha ya harusi, umesimama kwenye jua, umekunja uso. Nilijiambia kwamba wewe ni mwindaji wa toka utotoni, hutapakia bunduki hovyo. Nilijiambia kwamba nimekuonya, hata kama sikusema kwa nini. Nilijiambia wiki ijayo. Yale aliyoyafanya Monsieur Constant na nchi nzima, nami niliyafanya na mtu mmoja: nilikuweka mwisho kwa sababu usingeweza kunidhuru. Niliposoma kwamba ni dada yangu, ndipo kalamu ikapatikana.

Natamani ningesema vinginevyo.

Nikueleze na mengine yalivyokwenda. Monsieur Constant aliniita ofisini katikati ya Oktoba. Barua zangu zilikuwa zimeanza kurudi kwake kwa njia ya magazeti ya huko kwenu. Aliniuliza, kwa upole, «Unajua ulichokifanya?» Nikasema, «Nimejibu barua, monsieur. Ndiyo kazi yangu.» Nilitoka na koti langu na kikombe changu. Vipuri vimeanza kupelekwa Kanada mwezi uliopita, nasikia, kwa tangazo lenye picha ya ziwa na maneno yanayosema usalama wa mteja wa nyumbani ni wa kwanza. Wakili wa wateja wa Abitibi ameniomba ushahidi. Nitautoa.

Kibali changu kinakwisha mwezi wa tatu. Tumeomba kubaki kwa sababu ya ugonjwa wa Tasnim, daktari ametuandikia, na sasa tunangoja. Hakuna anayetuambia ni muda gani. Kila bahasha ikianguka mlangoni tunaitazama kwanza, hatuiokoti. Mashine inaendelea kwa sasa. Banza ananipatia kazi za siku ya Jumapili, kuhamisha vyombo vya watu kule Koekelberg karibu na basilika. Alinitukana kwanza, kisha akaleta gunia la mchele.

Mguu wako siwezi kuurudisha. Usiponijibu nitaelewa.

Kadiri

*

Québec, mjini
11 Februari 2013

Kadiri,

Anayesema ni Sylvestre, anayeandika ni Zaituni. Nimemwambia asipambe.

Nilijua jibu kabla hujaandika. Nilitaka kuona kama utanidanganya. Watu wengi wa karatasi wameniandikia maishani: serikali, makasisi, kampuni yako. Wewe ni wa kwanza kuniandikia hapana.

Nimekukasirikia. Asubuhi nikiamka nataka kushuka kitandani, nasahau, naanguka, na pale sakafuni nakukasirikia kwa jina. Nadhani itaendelea muda mrefu. Sitaki uniambie niache, na sitaki uniombe radhi tena kila barua. Mara moja inatosha.

Zaituni naye anaamka usiku anasukuma kitu kwa mkono, hivi, mbele, kisha anashtuka. Namshika mkono mpaka utulie. Hilo pia ulijue.

Wananipimia mguu wa plastiki. Ni baridi kama pua ya mbwa. Kijijini wamesema watatuletea nyama mpaka tutakapoweza wenyewe, kwa hiyo usituwazie njaa.

Kwenye kitanda cha pili chumbani humu yupo mzee wa Kikrii, kabila jirani na letu, ambaye naye anasafishwa damu. Ni mwaka wake wa tisa, anaimba vibaya sana, na daktari wake anamwogopa. Nimemuuliza kwa ajili ya mke wako anakula nini na ameacha nini. Ameniambia chumvi, na maharage mengi, na kwamba ndizi ni sumu kwao. Nilipomtafsiria Zaituni hilo la ndizi, aliinama akafunika uso. Nikadhani analia, kumbe anacheka, kisha kweli akalia. Anasema kwenu ndizi ni chakula cha asubuhi, cha mchana na cha msiba.

Basi mwambie Tasnim nimesikitika kuhusu ndizi.

Mwambie pia mzee anasema agombane na daktari.

Sylvestre